Tuma kaye (daftari) ya mtoto, si alama zake

Walimu wengi wa Bukavu wako kwenye grupu moja au mbili za WhatsApp, na kinachozunguka humo ni fishi za masomo, yaani karatasi za maandalizi, zilizokamilika, kila hatua mahali pake. Zinamfaa mwenye haraka ya kuandaa somo la kesho. Lakini fishi haisemi somo lilikwenda vipi. Mimi naona faida kubwa zaidi iko katika kumwonyesha mwenzako kitu ambacho wewe mwenyewe bado kinakutatiza.

Chukua kutoa kwa kukopa, darasa la tatu: 52 – 27. Mtoto anaandika 35. Ukisema tu "nusu ya darasa imekosa", nani atakusaidia? Maana hiyo 35 ina njia mbili. Mmoja hakopi kabisa: anaona 7 inazidi 2, basi anageuza, 7 toa 2 anapata 5, kisha 5 toa 2 anapata 3. Mwingine amekopa vizuri, 12 toa 7 ni 5, ila amesahau kwamba makumi yamebaki 4. Jibu ni lile lile, dawa ni mbili. Wa kwanza mpe vijiti: mafungu 5 ya kumikumi yaliyofungwa kwa uzi, na vijiti 2 pembeni. Mwambie atoe 7. Atalazimika kufungua fungu. Wa pili kufungua anajua, kuandika ndiko kunamponyoka. Basi akate 5 na kuandika 4 juu yake kabla hajagusa mamoja.

Mwenzako mwenye jicho kali atakwambia ubadilishe namba tu. Weka 52 – 26: asiyekopa atapata 34, aliyesahau 36, aliyeelewa 26. Zoezi la kwanza lilikuwa linaficha kosa, na peke yako ni vigumu kuliona hilo.

Kwa hiyo tuma picha ya kaye, jina likiwa limefunikwa, pamoja na maneno ya mtoto ulipomuuliza "umefanyaje?". Yaandike alivyoyasema, hata kama amechanganya Kiswahili na Mashi. Ongeza swali lako, moja tu. Kaye tatu zinatosha, na zisiwe zote za wale wanaoshika haraka. Ukituma ujumbe wa sauti, usizidi dakika moja, mega za intaneti zinanunuliwa.

Mambo huharibika pale direkta anapoyageuza makosa hayo kuwa ripoti ya kumpima mwalimu. Juma linalofuata utaona fishi safi tupu, na maswali yamekwisha. Ukaguzi uwe na kikao chake, mbali na grupu hiyo.

Pale ambapo walimu wawili wanapokezana chumba asubuhi na mchana, hata simu haihitajiki. Wa asubuhi aache karatasi ndani ya meza, yenye zoezi na majibu aliyoyaona. Wa mchana, kama naye ana darasa la tatu, atoe zoezi hilohilo na kuandika ya kwake upande wa pili.