Uvimbe wa ubongo: usiulize ukubwa tu, uliza uko wapi

Ndugu wakishaambiwa mgonjwa wao ana uvimbe kwenye ubongo swali la kwanza huwa "dokta, ni mkubwa?" Wakisikia sentimita 2 wanashusha pumzi, wakisikia 6 wanaanza kulia. Sasa huo wa 6 unaweza ukatoka wote na mtu akarudi dukani kwake, kama umeota juu kwenye utando unaofunika ubongo, tunauita meninjioma na mingi siyo kansa, ukifungua fuvu umeukuta. Huohuo ukiota chini kabisa ya fuvu, umekumbatia mishipa ya damu na neva za macho, inabidi tubakishe kipande, na kilichobaki kinaweza kuota tena.

Kwa watoto ndo utaona vizuri. Kisogoni ndani kuna serebela, ndo inatupa balansi. Kuna uvimbe unaota hapo unaitwa astrositoma ya pilositiki, unakua polepole, mtoto anaanza kuyumba kama kalewa, na ukitolewa wote zaidi ya asilimia 90 wanakuwa hai miaka 10 baadaye. Sogea mbele kidogo tu, kwenye shina la ubongo sehemu inaitwa ponsi, huko mara nyingi inaota glioma, yaani uvimbe wa seli zinazoshikilia neva za ubongo, ila ya aina nyingine kabisa, haikai kama donge, imejipenyeza katikati ya nyuzi zinazoendesha macho, kumeza na kutembea, utakata nini uache nini? Mionzi inampa nafuu ya miezi kadhaa, ila wengi hawamalizi miaka 2. Mtoto wa Neil Armstrong, yule aliyekanyaga mwezi, alikuwa na uvimbe kwenye shina la ubongo, akafariki 1962 hajafikisha hata miaka 3.

Aina nayo ina lake, nisiwadanganye. Glioblastoma, kansa kali ya ubongo, hata ikiwa mbele kwenye paji, tunapofika kirahisi, kwa opresheni, mionzi na dawa wastani wa kuishi ni kama miezi 15 hivi.

Halafu kuna vile vidogo vinavyoziba njia ya maji ya ubongo, saizi ya harage tu, maji yanajaa presha inapanda kichwani, mtu anaweza kufa kabla hata uvimbe wenyewe haujamfanya kitu. Kichwa kinauma kila asubuhi, anatapika, na sasa kaanza kusinzia ovyo, huyo msisubiri kipimo cha picha cha MRI cha wiki ijayo, mleteni leo hata usiku.