Sheria ndogo ya kijiji inayowalinda ambao hawajazaliwa

Mwaka 2015 bunge la Wales, huko Uingereza, lilipitisha sheria ya ustawi wa vizazi vijavyo. Sheria hiyo ina malengo 7 na inazibana taasisi za umma: kabla ya kuamua jambo, zitazame litawagusaje watu wa kesho. Imeunda pia nafasi ya Kamishna wa Vizazi Vijavyo. Huyo hatozi faini wala hapeleki mtu jela. Anapitia mwenendo wa taasisi na kutoa mapendekezo, na taasisi inawajibika kuyajibu hadharani.

Mkazi wa Kasulu au Uvinza, mkoani Kigoma, anaweza kuona hayo ni mambo ya ng'ambo. Kamishna wa namna hiyo kweli hatuna, ila msingi wa kisheria tunao. Ibara ya 27 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili, na inatutaka tuendeshe uchumi kama watu ambao ndio waamuzi wa hali ya baadaye ya taifa lao. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kinakwenda mbali zaidi: halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini, na lazima izingatie maendeleo endelevu. Haina ruhusa ya kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti na wajumbe wake wakimkatia mgeni ekari 50 kikaoni, bila mkutano, ugawaji huo hauna nguvu hata kama muhuri umegongwa.

Hata hivyo, Katiba haisimami mtoni kumzuia anayelima kwenye ukingo. Kazi hiyo inafanywa na sheria ndogo ya kijiji, na vijiji vingi hujikwaa hapo.

Chukua kijiji cha miteremkoni kinachotaka kulinda chanzo cha maji na msitu wake. Rasimu nyingi huandikwa hivi: “Ni marufuku kuharibu mazingira.” Kwa sentensi hiyo hakimu hana cha kumtia mtu hatiani. Kuharibu ni kufanya nini, na wapi? Kifungu kinachoshika kinasomeka hivi: “Mtu yeyote hataruhusiwa kulima, kukata mti, kuchoma mkaa au kulisha mifugo ndani ya mita 60 kutoka kila ukingo wa mto uliotajwa kwenye Jedwali la Kwanza, kuanzia chanzo hadi darajani.” Kitendo kimetajwa, umbali upo, mwanzo na mwisho vinajulikana. Jedwali, yaani kiambatisho cha sheria ndogo, liwe na alama za mipaka zilizopimwa kwa GPS pamoja na ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi.

Mita 60 hazikuokotwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya umbali huo kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Kijiji kikiandika mita 15 ili kuwaridhisha wenye bustani za mabondeni, kifungu hicho kinapingana na sheria mama, yaani sheria ya nchi iliyo juu yake, na kitaanguka. Ndivyo ilivyo kwa adhabu: faini isizidi kiwango cha sheria mama, na kijiji hakiwezi kujiwekea adhabu ya kuchinja ng'ombe wa mkosaji, hata kama mkutano mzima umepiga makofi.

Safari ya rasimu ina vituo vyake. Halmashauri ya kijiji inaandaa mapendekezo, Mkutano Mkuu unayajadili, Kamati ya Maendeleo ya Kata inashauri, kisha halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Mpelekeeni mwanasheria wa halmashauri ya wilaya rasimu kabla ya mkutano, si baada yake. Akibadilisha vifungu ambavyo wananchi wameshapitisha, itabidi muitishe mkutano upya. Muhtasari uonyeshe hoja za waliopinga, si “wajumbe wote waliafiki” peke yake. Orodha ya mahudhurio iwe na majina na saini, wanawake wakiwemo, kwa kuwa wao ndio wachotaji wa maji na waokotaji wa kuni. Wa kwanza kukaidi katazo kwa kawaida ni yule ambaye hakuulizwa.

Rasimu ikiwa bado iko kwenye faili la Mtendaji bila idhini ya wilaya, hiyo si sheria. Mgambo akikamata mtu kwa karatasi hiyo, kesi inaweza kumgeuka.

Linaloharibu zaidi, kwa maoni yetu, ni katazo lisilo na njia mbadala. Wafugaji wakikatazwa msitu na mpango wa ardhi haukutenga malisho, njia ya mifugo na mahali pa kunyweshea, sheria hiyo haitavuka kiangazi kimoja. Mkaa nao ni hivyo hivyo. Msitu wa hifadhi wa kijiji uliotengwa chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 unaweza kuvunwa kwa mpango: eneo linagawanywa vitalu, kinakatwa kimoja, vingine vinapumzika, na visiki vinaachwa vichipue. Miti ya miombo huchipua vizuri kwenye kisiki, mradi moto na mifugo visiingie mapema.

Halafu kuna fedha. Doria bila posho hufa ndani ya miezi michache, kwa hiyo kifungu cha mapato kitamke sehemu ya ushuru na faini inayokwenda kwa Kamati ya Maliasili. Kila faini iwe na stakabadhi ya serikali. Faini ya mkononi imeua sheria ndogo nyingi kuliko majangili: wananchi wakishaona inaishia mfukoni, hakuna anayetoa taarifa tena. Anayekana kosa apelekwe Mahakama ya Mwanzo. Kijiji si mahakama.

Yapo mambo ambayo kijiji kimoja hakiyawezi. Ziwa Tanganyika ni la nchi 4, zilizotia saini mkataba wa usimamizi wake mwaka 2003, na mapumziko ya uvuvi ya kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 yalihitaji amri ya serikali. Lakini udongo unaochafua mazalia ya samaki ufukweni hutoka mashambani, na huko sheria ndogo inafika.

Kuna kipengele kimoja ambacho rasimu zetu nyingi hazina, nacho ndicho kinachomsemea mtoto wa kesho: ardhi ya akiba. Sheria ya 1999 inatambua ardhi ya kijiji ambayo bado haijagawiwa. Itajwe kwa ukubwa na mipaka, na iandikwe kwamba haigawiwi mpaka Mkutano Mkuu ujadili kwanza hesabu ya vijana watakaofikisha miaka 18 katika miaka 10 ijayo. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Daftari la wakazi na rejista za shule ya msingi zinatosha. Mwisho wa rasimu iwekwe tarehe ya kuipitia upya, sambamba na mapitio ya mpango wa ardhi, na nakala yenye muhuri ibandikwe ofisi ya kijiji, zahanati na mwaloni, mahali wavuvi wanaposhushia samaki.