Kabla ya Kulalamika Kwamba Gazeti Halipo

Tangu sisi wa hifadhi ya nyaraka tuanze kuwahimiza wananchi watafute na kuleta magazeti ya zamani ya Dar es Salaam, malalamiko yameongezeka. La kwanza ni hili: msomaji anaomba Daily News la 9 Desemba 1961, anajibiwa halipo, anaondoka akiamini tumelificha au tumelipoteza. Gazeti hilo halikuwapo. Daily News lilianza 26 Aprili 1972, The Standard lilipounganishwa na The Nationalist la TANU. Siku ya Uhuru ulipaswa kuomba Tanganyika Standard, jina la awali la The Standard, lililoanza mwaka 1930 na kutaifishwa Februari 1970. Mhudumu hutafuta kwa jina lililochapwa juu ya ukurasa wa kwanza siku ile, wala si kwa jina tulilolizoea leo.

Jingine tunalolisikia karibu kila wiki ni kwamba kabla ya Uhuru mji huu haukuwa na gazeti lililomilikiwa na Waafrika. Si kweli, na inasikitisha kulisikia hata kwa wanafunzi wa vyuo. Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa la Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni, hilo sawa. Lakini Kwetu la Erica Fiah lilitoka mwaka 1937, na gazeti la Mwafrika likafuata miaka ya hamsini.

Kwenye fomu ya maombi jaza jina la gazeti, tarehe kamili na, ukiweza, namba ya toleo. Ukiandika "miaka ya sitini" fomu itarudishwa. Kama unatafiti wachapishaji, usiishie kwenye jina la gazeti. Soma mstari wa maandishi madogo, mara nyingi chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, unaotaja nani amelichapisha na nani amelipiga chapa. Hao huweza kuwa watu wawili tofauti: mchapishaji ndiye mwenye gazeti, mpigachapa ni mwenye mtambo, na mtambo mmoja uliweza kuhudumia magazeti kadhaa. Nakili mstari huo toleo kwa toleo. Ukibadilika, andika tarehe ya toleo la mwisho lenye maneno ya zamani na ya toleo la kwanza lenye maneno mapya.

Tangazo la kisheria litafute kwenye Gazeti la Serikali, ambalo si gazeti la habari na lina fomu yake.

Kwenye chumba cha kusomea ni penseli tu. Mikono iwe mikavu na safi, jalada (magazeti yaliyofungwa pamoja) lilale mezani, na ukurasa ufunuliwe kwa kushika kona ya juu. Kuchana au kukata kipande, hata cha picha ya babu yako, kutakufutia kibali papo hapo, jalada litakaguliwa ukurasa kwa ukurasa mbele yako, na taarifa itapelekwa polisi, maana kuharibu nyaraka zilizohifadhiwa ni kosa la jinai. Hatuna ruhusa ya kusamehe.

Kwa wanaoleta magazeti kutoka nyumbani: tafadhali, msiyapige lamineshi. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa zikiwa bado na lignini, kemikali ya asili ya mbao, ambayo ikikutana na mwanga na hewa huligeuza gazeti kuwa la njano, huku asidi ikilivunja taratibu. Plastiki haizuii asidi iliyomo ndani, na ikishagandishwa kwa joto hatuwezi kuibandua bila kuondoka na wino. Selotepu nayo huacha gundi ya kahawia inayopenya hadi upande wa pili. Toeni pini na stepla, yalazeni bapa kati ya makaratasi meupe safi ndani ya boksi imara, mbali na jua na sakafu. Yaliyokunjwa yakakauka msiyafunue kwa nguvu, kwa sababu hukatikia kwenye kunjo. Yaleteni hivyo hivyo, tuyalainishe sisi kwa unyevu kwanza. Yenye wadudu yafungwe kwenye mfuko wa plastiki peke yake, na mtujulishe mlangoni kabla ya kuufungua.