Airey Neave hakuuawa na IRA

Jana nimesahihisha insha nyingine yenye sentensi ileile: "Mbunge wa Conservative, Airey Neave, aliuawa na IRA." Nafundisha historia ya Ulaya na sentensi hiyo imenichosha. IRA lilikuwa kundi la silaha lililotaka Ireland ya Kaskazini itoke mikononi mwa Uingereza. Waliomuua mbunge huyo wa Uingereza mwaka 1979 ni INLA, kundi jingine lenye lengo hilohilo.

Msiniambie ni mamoja. Mwishoni mwa 1969 IRA ilipasuka: Official upande mmoja, Provisional upande mwingine. Mnaposema IRA, mnawasema Provisional. Sasa INLA haikutoka hata kwa hao. Official walisitisha mapigano Mei 1972. Waliokataa wakajitoa Desemba 1974 wakiongozwa na Seamus Costello, wakaanzisha chama cha kijamaa, IRSP, na tawi lake la silaha, INLA. Yaani ni waasi walioasi waasi wenzao. Kundi dogo hivyo, lisilojulikana nje ya Ireland, lilikuwa na hamu kubwa ya kusikika, na ukiandika IRA sababu hiyo yote inafutika.

Neave mwenyewe alikuwa askari. Alitekwa Calais mwaka 1940, akaishia ngome ya Colditz, gereza la Wajerumani la maofisa mateka. Mwaka 1941 alijaribu kutoka na sare bandia ya Kijerumani aliyoipaka rangi ya mapambo ya jukwaani. Mwanga wa taa za walinzi ulipoimulika, ikawaka kijani kibichi, wakamkamata. Januari 1942 yeye na Mholanzi Luteyn walipenya chini ya jukwaa la ukumbi wa michezo ya kuigiza, wakatoka wamevaa kama maofisa wa Kijerumani, wakafika Uswisi. Bunge aliliingia mwaka 1953.

Vitabu vinasema mwaka 1975 alimpa Thatcher uongozi wa chama kwa kueneza kwamba kura zake hazitoshi. Mimi nina shaka. Heath, kiongozi wa chama wakati huo, alikuwa ameshindwa chaguzi mbili mwaka 1974, na wabunge walikuwa wamemchoka. Zile kura 130 za Thatcher dhidi ya 119 za Heath katika duru ya kwanza sizioni zikitokana na ujanja peke yake.

Machi 28, 1979 serikali ya waziri mkuu Callaghan wa chama cha Labour ilianguka kwa kura moja, 311 kwa 310. Neave alikuwa waziri kivuli wa Ireland ya Kaskazini. Siku mbili baadaye alikuwa akipandisha gari kutoka maegesho ya chini ya Bunge. Kwenye mwinuko zebaki ndani ya swichi ya bomu lililotegwa chini ya gari ikateleza, ikaunganisha umeme, bomu likalipuka na kumuua. INLA walitangaza kwamba ni wao. Hakuna hata mtu mmoja aliyetiwa hatiani.