X nyekundu, X ya kijani: haki yako mradi wa Serikali unapopita shambani

Tangu upimaji wa barabara na njia za umeme ushike kasi vijijini hapa Tanzania, meza yetu ya uthamini, yaani ya kukadiria thamani ya mali ili mwenyewe alipwe fidia, haikauki malalamiko. Mengine yana msingi na tunayapeleka panapohusika. Mengine yameokotwa vijiweni, na hayo ndiyo yanayowachelewesha hata wenye haki zao. Maelezo haya ni ya jumla. Hayahusu mradi wowote mahususi na hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria.

Nianze na rangi za alama ya X inayochorwa kwenye majengo, maana ndizo zinazowanyima watu usingizi. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake za 2009 ziliongeza upana wa hifadhi, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, kwa barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kipimo kikianzia katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya zile mita 22.5 za zamani huwekewa X nyekundu. Huyo ameifuata barabara: anatakiwa kuondoka bila fidia, na akikaidi atabomolewa na kudaiwa gharama za kubomoa. Aliye kwenye mita 7.5 zilizoongezwa huwekewa X ya kijani. Huyo barabara ndiyo iliyomfuata, kwa hiyo analipwa kwanza ndipo ahame. Kupaka chokaa juu ya alama hakubadilishi kipimo. Anayeamini kwamba aliwekewa rangi isiyo yake alete ushahidi wa lini alianza kukaa pale, kwa maandishi au kwa mashahidi, na aulete kwa taasisi inayosimamia barabara hiyo mapema, si siku tingatinga limeshawashwa.

Upande wa pili kuna kauli inayonikera zaidi, nayo husemwa hata na watumishi wenzetu: "Ardhi ni ya Rais, ukiambiwa hama, hama." Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na imekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini. Mdhamini hawezi kumpokonya mtu bila utaratibu. Mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay lililotoka Mkoa wa Arusha, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kumiliki ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na haiondolewi bila fidia ya haki. Kwa hiyo anayekwambia shamba la urithi halilipwi kwa sababu halina hati amepitwa na wakati kwa zaidi ya miaka 30. Hati ya hakimiliki ya kimila inarahisisha kazi, lakini kukosekana kwake hakufuti haki.

Ardhi ya kijiji ikitakiwa kwa manufaa ya umma, Sheria ya Ardhi ya Vijiji inataka kusudio litangazwe kwenye Gazeti la Serikali na zipite siku 90. Eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo anaamua Waziri baada ya kupata mapendekezo ya mkutano huo. Na uhamisho wa ardhi hiyo haufanyiki mpaka aina ya fidia, kiasi, namna na muda wa kulipa vimekubaliwa. Wananchi wengi hawaji kwenye mkutano huo, kisha wanakuja ofisini kwetu baada ya mwaka kuuliza nani aliwakubalia. Muhtasari wa kikao una majina na sahihi. Tunausoma pamoja, kimya kinatanda.

Sasa uthamini wenyewe. Siku ya kuanza kwake ndiyo mstari: kilichokuwepo kinahesabiwa, kilichoongezwa baadaye hakihesabiwi. Miche iliyopandwa usiku wa kuamkia zoezi tunaitambua. Udongo wake bado umevimba, na ikifika saa nne majani yameshalala. Kuidai ni kutoa taarifa za uongo, na hilo ni kosa la jinai ambalo mtu anaweza kushtakiwa nalo hata kama fedha hazijatoka. Siku hiyo uwepo mwenyewe, pamoja na mwenza wako na majirani unaopakana nao. Karani akihesabu minazi, nawe hesabu. Utapigwa picha mbele ya mali yako ukiwa umeshika kibao chenye namba ya kumbukumbu. Namba hiyo iandike mahali, kwa sababu mafaili yetu tunayatafuta kwayo. Usisaini fomu yenye nafasi tupu, hata kama anayekuharakisha ni mimi.

Katika kijiji kimoja bibi mmoja alinishika mkono mbele ya mwembe wake. "Mwanangu, mti huu umesomesha watoto wangu wote, wewe unaandika mti mmoja tu?" Nilimjibu kwa kanuni, na kanuni haikumridhisha. Mti huthaminiwa kwa aina yake na hatua ya ukuaji wake, kwa viwango vya eneo husika. Mazao ya msimu kama mahindi kwa kawaida mwenyewe hupewa muda wa kuvuna. Kama viwango vimepitwa na bei za sokoni, hilo ni lalamiko halali na linafaa kuandikwa. Lakini thamani ya kumbukumbu hatuna fomu yake.

Fidia si bei ya ardhi peke yake, na hapa ndipo wengi hupunjika kwa kutojua. Chukua mfano wa shamba lenye nyumba, jumla vimethaminiwa shilingi 10,000,000. Juu yake kuna posho ya usumbufu, inayopatikana kwa kuzidisha thamani hiyo na wastani wa riba ya amana za muda maalumu, yaani fedha zinazowekwa bila kuguswa kwa miezi 12, katika benki za biashara. Riba ikiwa asilimia 7, ni 700,000. Kuna posho ya makazi, yaani kodi ya mwezi ya nyumba ya namna hiyo mara 36. Kodi ikiwa 50,000, ni 1,800,000. Kuna posho ya usafiri, gharama ya kubeba tani 12 za mizigo umbali wa kilomita 20. Mwenye biashara ana fidia ya faida aliyoikosa, lakini alete hesabu zilizokaguliwa. Daftari la mikopo ya dukani halitoshi. Ardhi isiyokaliwa haina posho ya makazi wala ya usafiri, kwa hiyo usijilinganishe na jirani kabla hujajua alikuwa na nini.

Makaburi yana sheria yake ya 1969. Inatambua gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na hata ibada za kuwatuliza waliolala. Yaonyeshe siku ya uthamini, yakiwemo yasiyojengewa.

Kuchelewa nako kuna bei. Miezi 6 ikipita bila malipo tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe taarifa ya uthamini, riba juu ya fidia hiyo inaanza kuhesabiwa. Ikipita miaka 2, taarifa imekufa na uthamini urudiwe. Anayelipa ni taasisi inayohitaji ardhi, kwa hiyo barua ya kudai riba iende kwake, nasi tupewe nakala. Najua wapo waliozuiwa kupanda mkorosho hata mmoja huku malipo hayaonekani. Kisheria hawaombi msaada, wanadai chao.

Usiporidhika na kiasi, andika pingamizi kwenye ofisi iliyothamini, ukitaja namba ya kumbukumbu na kipengele unachokipinga. "Fidia ni ndogo" si kipengele. "Minazi 14 imeandikwa 4" ni kipengele. Usikimbilie Baraza la Kata: tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni usuluhishi ndani ya siku 30, haliamui tena nani mwenye haki. Shauri dhidi ya Serikali, halmashauri ikiwemo, hutanguliwa na notisi ya siku 90 yenye nakala kwa Mwanasheria Mkuu, kisha hufunguliwa Mahakama Kuu. Ukiruka notisi, kesi itaondolewa hata kama madai yako ni ya kweli.

Mwisho, mirathi. Mafaili mengi yaliyokwama yana jina la marehemu. Hundi ya marehemu haichukuliwi na mtoto mkubwa kwa kuwa ni mkubwa. Inachukuliwa na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Familia zilizo kwenye njia ya mradi zianze kufuatilia usimamizi huo sasa, kabla ya timu ya uthamini kufika kijijini.