Theluji Hugusa Tumbo Kwanza: Dhana Potofu Kuhusu Gari Lililoshushwa

Mtu akishusha gari lake, yaani akilipunguza kimo kwa springi fupi, huwa anafikiria lami kavu, anapopiga kona bila bodi kulala upande, na gari likiwa limekaa vizuri machoni. Nami nayapenda magari ya namna hiyo, na sitamwambia mtu aliuze lake kwa sababu msimu wa theluji umeingia. Kinachoniuma ni kuona watu wakiaminishwa mambo yanayowapasulia sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuwaacha wamekwama njiani usiku. Moja kati ya mambo hayo linaweza hata kuwaua. Nyingi za dhana hizi zina mzizi mmoja: watu hutazama magurudumu peke yake, ilhali kwa gari la chini kinachoamua ni tumbo.

Dhana: “Theluji ni laini, gari litaipasua tu.”

Theluji iliyoanguka sasa hivi kwenye baridi kali kweli ni nyepesi: mita moja ya ujazo inaweza kuwa na kilo 50 hadi 100 tu. Ikikaa siku kadhaa, ikashindiliwa na upepo au ikalowa, hufika kilo 300 na kuendelea. Barafu kamili ni kilo 917. Neno ni lile lile “theluji”, lakini kinachokungoja barabarani kinaweza kuwa unyoya au jiwe.

Kibaya zaidi ni tuta linaloachwa kando ya njia na mashine za kusukuma theluji. Jioni unalivuka bila shida, usiku linaganda, na asubuhi linakung'oa bampa. Mikondo ya matairi ya malori nayo ni hatari yake. Magurudumu yako yanaingia humo, na katikati unabaki mgongo wa barafu unaolikwangua gari kuanzia bampa hadi ekzosi. Magari mengi madogo hutoka kiwandani yakiwa na nafasi ya sentimita 13 hadi 16 hivi kutoka ardhini. Ukilishusha lako sentimita 4, mgongo ambao mwenzako anaupita bila kuusikia, wewe utausikia kwenye sampu. Sampu nyingi ni za aluminiamu iliyomiminwa kwenye kalibu, na hiyo ikigongwa hupasuka badala ya kubonyea. Taa ya oili ikiwaka baada ya kishindo, simama mahali salama na uzime injini hapo hapo. Usijiambie kwamba pamebaki padogo.

Chukua rula, upime sehemu iliyo chini kabisa ya gari lako likiwa limebeba watu na mizigo unayobeba kila siku. Mara nyingi sehemu hiyo si bampa unayoiona kila siku. Ni bomba la ekzosi au fremu ndogo iliyobeba injini. Namba utakayoipata ndiyo kina chako. Theluji ikiikaribia, gari hilo libaki limeegeshwa.

Dhana: “Ukiingia kwa kasi utapita.”

Dhana hii ndiyo inayokwamisha wengi, na inafaa kueleweka kwa undani. Gari lililo juu likikanyaga theluji, magurudumu huishindilia na kupata pa kusimama. Gari la chini kwanza huisukuma kwa bampa, kisha huilalia. Theluji inajazana chini ya sakafu na kushindiliwa, na kila unavyosonga ndivyo inavyokuwa ngumu, mpaka inaanza kubeba uzito wa gari. Uzito unaobebwa na tumbo haupo tena kwenye matairi, na tairi lisilo na uzito halina mshiko. Kasi haibadilishi hilo. Kasi inakufikisha tu mbali zaidi ndani ya theluji kabla hujakwama, na huko kutoka ni kazi kubwa zaidi.

Dalili huja mapema kwa anayesikiliza. Sauti ya kukwaruza inaanza chini ya miguu, gari linakuwa zito kama linavutwa nyuma, na usukani unakuwa mwepesi. Hapo simama taratibu, urudi nyuma kwa kufuata njia yako mwenyewe, kwa sababu umeshaishindilia. Ukiendelea kukanyaga mafuta, matairi yatazunguka bure, yatayeyusha theluji kidogo, na maji hayo yataganda yawe kioo chini yake.

Ukishakwama, usianze kuchimba kwenye magurudumu kama karibu kila mtu anavyofanya. Anza na tumbo. Chukua beleshi lenye mpini mfupi, lala ubavu, uitoe theluji chini ya sakafu mpaka gari likae tena kwenye matairi yake. Baada ya hapo ndipo usafishe mbele na nyuma ya magurudumu. Mfumo wa kuzuia matairi kuteleza unaweza kukata nguvu ya injini kabisa wakati huo. Uzime kwa muda unapojikwamua, na ukishatoka uuwashe tena.

Dhana: “Uzito wake uko chini, kwa hiyo halitelezi.”

Kwamba uzito uko chini ni kweli, lakini hitimisho si sahihi. Uzito kuwa chini hupunguza kulala kwa bodi kwenye kona na hatari ya kupinduka. Haumpi dereva mshiko ambao barabara haina. Kwenye lami kavu, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likifungiwa breki husimama ndani ya mita 12 au 13, ukiacha umbali linalokwenda kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwenye theluji iliyoshindiliwa hiyo inakuwa karibu mita 50, na kwenye barafu tupu inakaribia 100. Hesabu hiyo haiulizi gari lina kimo gani.

Springi ngumu za gari lililoshushwa zina hasara yake pia. Kwenye barafu yenye mawimbi, tairi linatakiwa lifuate kila bonde dogo. Springi ikiwa ngumu mno linarukaruka, na kila linaporuka unakuwa huna breki wala usukani. Magari yanayoshindana kwenye Rally Sweden, mbio za magari za kwenye theluji, huinuliwa kuliko yanaposhindana kwenye lami, springi zake hulainishwa, na huvishwa matairi membamba yenye misumari. Ni kinyume kabisa cha gari lililoshushwa, na hao ni watu wanaotafuta kasi.

Tena kuna magurudumu ambayo sehemu yake ya juu imelazwa kwa ndani. Kwenye lami, uzito ukihamia upande mmoja kwenye kona, tairi hujilaza sawa. Kwenye theluji uzito hauhami vya kutosha, kwa hiyo unaendesha kwa ukingo wa ndani tu. Msimu huo ni afadhali fundi ayanyooshe yasimame wima.

Dhana: “Tairi pana lina mshiko zaidi.”

Kwenye lami kavu ndiyo. Kwenye theluji tairi pana huelea juu na kusukuma ukuta mbele yake, wakati jembamba hukata na kufika chini kwenye kigumu. Kama gari lako linavaa tairi la 225/40 R18 (namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi), mara nyingi linaweza kuvaa 205/55 R16, mradi rimu ndogo ipite juu ya breki. Kimo cha tairi zima kinabaki karibu kile kile, na ukuta mnene wa mpira unaikinga rimu dhidi ya mashimo yaliyofichwa na theluji.

Aina ya mpira ni muhimu kuliko upana. Tairi la majira ya joto huanza kuwa gumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, hata kabla theluji haijaanguka. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, kwa sababu tairi hupewa alama hiyo baada ya kupimwa kwenye theluji. Herufi M+S (matope na theluji kwa Kiingereza) peke yake hazithibitishi kipimo chochote. Kagua upepo pia, kwani shinikizo hushuka karibu psi 1 kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6, na gari la chini halina milimita za kupoteza.

Dhana: “Magurudumu manne yanavuta, sina wasiwasi.”

Yanasaidia kuondoka. Kusimama, magari yote yana breki nne. Na tumbo likishalala juu ya theluji, magurudumu yote manne yananing'inia pamoja.

Dhana: “Weka mifuko ya mchanga kwenye buti.”

Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, uzito kidogo juu ya ekseli unaweza kufaa, ukifungwa vizuri. Kwa linalovutwa na ya mbele, unayapunguzia uzito magurudumu yanayofanya kazi. Na gari lako tayari liko chini. Kila kilo unayoongeza inalishusha zaidi.

Dhana: “Saspensheni yangu inapanda na kushuka, nitainua siku ya theluji.”

Fanya hivyo kabla ya msimu, usingoje siku yenyewe. Chumvi ya barabarani huingia kwenye nyuzi za skrubu za shokapu za kurekebishwa, na baada ya miezi michache ringi za kurekebishia hukwama kwa kutu. Zisafishe na uzipake grisi mapema. Kwenye saspensheni ya hewa, unyevu ulio ndani ya mabomba huganda kwenye vali, na gari linaweza kugoma kupanda asubuhi ile ile unayolihitaji.

Chunguza pia madigadi. Kwenye gari lililoshushwa nafasi kati yake na tairi ni ndogo, theluji hujaa humo na kuganda, na usukani unashindwa kukata kona yote. Igonge itoke kabla ya kuondoka.

Dhana: “Nikikwama nitakaa ndani na injini ikiwaka mpaka msaada uje.”

Tafadhali isome hii kwa makini. Bomba la ekzosi la gari lililoshushwa liko karibu na ardhi, na ukikwama mara nyingi huwa tayari limezikwa. Moshi ukikosa pa kutokea hurudi chini ya sakafu na kupenya ndani, ukiwa na gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu. Aliye ndani husikia kichwa kuuma na usingizi, akadhani ni uchovu. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi kukuokoa.

Kwa hiyo zima injini, shuka, uchimbe bomba la ekzosi kabla ya kitu kingine chochote, uache nafasi pana kulizunguka. Ukihitaji joto, washa dakika 10 hivi kwa kila saa, na kila unapotaka kuwasha shuka kwanza ukaliangalie tena, maana theluji inayoendelea kuanguka hulifunika haraka. Blanketi nene kwenye buti litakuwezesha kuiacha injini imezimwa muda mrefu zaidi.