Titli ya pamoja, yaani hati moja ya ardhi kwa jamii nzima: mtaa ukijengwa upya, ardhi ikae kwa jina la nani?

Kila tukienda baraza kwenye mitaa ya mabanda swali huwa ni lile lile, "sasa mkishapima hii ardhi, mimi titli yangu nitaipata lini?" Na mimi huuliza, ukiipata leo halafu kesho mtoto arudishwe nyumbani sababu ya fees na mtu amesimama mlangoni na laki kadhaa, utamkatalia? Watu hunyamaza, maana kila mtu anamjua jirani aliyeuza.

Angalieni Dandora, hapo Nairobi. Mradi ulianza miaka ya 1970 kwa pesa za Benki ya Dunia, watu wakapewa ploti zenye maji na choo wajijengee polepole, na wazo lilikuwa zuri kabisa. Leo ukipita pale ni magorofa ya kupangisha, na landilodi wengi hata hawaishi huko. Siwalaumu waliouza. Waliachwa kila mtu na karatasi yake, peke yake.

Watu wa Voi, mtaa unaitwa Tanzania-Bondeni, walifikiria tofauti mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sehemu ya ardhi waliyokuwa wanakaa ilikuwa ya Shirika la Reli, yaani wangefurushwa wakati wowote. Walipoelezwa njia za kumiliki wakachagua ardhi iwe ya jamii nzima chini ya trasti, yaani chombo cha kisheria kinachoishikilia kwa niaba yao, nyumba ndio iwe ya mtu. Ukihama unauza nyumba, ile ardhi huiuzi. Kisheria haikuwa rahisi, ilibidi chama cha wakaazi na trasti viunganishwe kwa sababu sheria za wakati huo hazikuwa na mahali pa kitu kama hicho, kwa hivyo mtu asiwaambie ni kazi ya miezi miwili.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni Kambi Moto, pale Huruma, Nairobi. Ardhi ilikuwa ya halmashauri ya jiji, mabanda yamebanana na kila moto ukitokea unachoma safu nzima. Wakaazi kupitia Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la watu wa mitaa ya mabanda, wakaanza na vitu viwili ambavyo vinaonekana vidogo, kuweka akiba kila siku hata kama ni shilingi chache, na kujihesabu wenyewe, mlango kwa mlango, nani ana banda na nani anapanga. Hapo ndipo pagumu! Mwenye mabanda matano anataka nyumba tano, na mpangaji aliyekaa miaka mingi anaogopa kutolewa nje. Wakabishana sana, mwisho wakakubaliana kila familia inapata nyumba moja, landilodi na mpangaji sawa. Kwangu mimi hayo makubaliano ndiyo yaliyojenga Kambi Moto kabla ya tofali la kwanza, na hakuna injinia angeweza kuwafanyia.

Halafu wakasimamisha mfano wa nyumba wa saizi kamili kwa mbao na vitambaa, watu wakaingia ndani, wakaona jiko litakaa wapi na kitanda kitapita ama hakipiti. Nafasi ilikuwa ndogo, mita 4.5 kwa 4.5 hivi kwa kila nyumba, kwa hivyo wakapanda juu, unaanza na chumba cha chini ukipata pesa unaongeza ghorofa. Ujenzi ulianza 2003 na akina mama wengi walijifunza ufundi hapo hapo, wakimwaga zege wenyewe.

Mukuru ni kubwa zaidi, kaya zaidi ya 100,000, na mwaka 2017 kaunti ya Nairobi ikaitangaza eneo maalum la mipango, yaani mahali panapoandaliwa mpango wake wa pekee. Ardhi nyingi pale ni ya watu binafsi na hilo halijaisha, lakini wakaazi walikaa vikundi vya nyumba kumi kumi, wakapeleka maoni juu.

Kama mtaa wenu unaanza leo, msikimbilie ramani. Kaeni muandike kwenye katiba ya chama mambo matatu: nyumba ikiuzwa nani anapewa nafasi ya kwanza kununua, mwenye nyumba akifa mjane na watoto wanabaki vipi, na anayeshindwa kulipa mkopo wa nyumba anasaidiwaje kabla hajatolewa. Someni kwa sauti mbele ya watu wote, wapangaji wakiwemo, halafu leteni ofisini kwetu tuipitie pamoja kabla mtu yeyote hajaweka sahihi.